Tangi Kavu, Kufuli Nzima

Béatrice alikufa Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, ndani ya gari la wagonjwa lililosimama kando ya barabara ya Makebuko, kilomita kumi na moja tu kabla ya Gitega. Gari halikugonga kitu wala halikuvunjika kitu. Liliishiwa esansi.

Inspekta Hidaya Abubakari alifika saa tano. Mikono yake ilikuwa bado na hina ya harusi ya mdogo wake Salama, waliyemsindikiza Muyinga jana yake. Alifunua shuka, akamtazama yule mama wa miaka ishirini na miwili, akamfunika tena. Mtoto alikuwa amemfia tumboni. Augustin, mumewe, alikaa kwenye majani ameshika kandambili za mkewe.

"Tangi lilijazwa lini?" Hidaya alimuuliza dereva.

Dereva aliitwa Bagalwa, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mwenye mvi, mkimbizi kwa miaka kumi na miwili sasa. "Alhamisi, mama. Lita sitini. Nililala kwa foleni siku tatu."

"Tangu Alhamisi umekwenda wapi?"

"Gitega mpaka Makebuko. Basi."

"Hukuona mshale wa esansi unashuka?"

"Ule mshale ulikufaka zamani. Nilikuwa napima na kijiti kila asubuhi. Halafu wakatuwekea kufuli, mi nikaacha. Tangi iko na kufuli, nani ataiba?"

Na tusimcheke. Mwaka ule esansi ilikuwa adimu Burundi nzima. Magari yalipanga foleni wiki nzima, na wezi wa kunyonya matangi kwa mpira walikuwa wengi kuliko walinzi wa kuwakimbiza. Mwenye kufuli kwenye kimlango cha tangi alilala usingizi wa raha. Hidaya mwenyewe alikuwa nayo kwenye gari lake.

Aliinama akakichunguza kimlango. Hakikuwa na mkwaruzo wala alama ya bisibisi. Kufuli nzima, tangi kavu.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Ingine iko kwa mkubwa wa zahanati." Bagalwa alivuta kamba shingoni. "Na hii."

Ufunguo wa mkubwa wa zahanati ulikutwa ndani ya bahasha yake, gundi haijaguswa. Ukabaki mmoja. Jioni Bagalwa alikuwa mahabusu, na kamanda hakuona la kujadili.

"Ufunguo shingoni mwake, esansi haipo. Unataka nini zaidi? Jumatano jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

Kwa mkimbizi, jalada lile lilimaanisha kifungo, na baada ya kifungo kurudishwa kule alikokimbia. Hidaya alilijua hilo. Akaomba kufuli ifumuliwe kwanza, itazamwe ndani.

Jumatatu fundi wa polisi alimwaga vumbi kidogo la ndani ya kufuli juu ya karatasi nyeupe. "Afande, tazama. Chembe za njano. Hii ni shaba. Ufunguo wa dereva ni wa chuma. Kuna wa tatu, umechongwa kwa tupa, na mkono uliochonga unaijua kazi."

Hidaya alirudi mahabusu mbio mbio.

"Bagalwa, nani alishika ufunguo wako?"

"Hakuna mtu."

"Usinidanganye! Siku tatu kwenye foleni hukuondoka hata kuoga?"

Bagalwa aliinamisha kichwa. Kila mtu wa foleni aliujua utaratibu ule: ukitaka kwenda kuoga au kula, unamwachia ufunguo wa tangi aliye nyuma yako, ili zamu yako ikifika gari lako lijazwe, usipoteze nafasi. Kumwachia mtu ufunguo ule kulikuwa sawa na kumwachia mtoto wako.

"Nilimwachia ndugu," alisema. "Alinilisha kwake siku zote tatu. Alhamisi nilisinzia kwake, gari iko kwa uwanja wake. Hawezi kufanya vile. Jina simpi mtu, mtamfunga bure."

"Wewe ndiye unayefungwa bure, mzee!"

"Basi Mungu anajua."

Hidaya alitoka nje akaegemea ukuta. Chembe za shaba. Mtaa wa Musinzira, hapo hapo Gitega, ulikuwa na fundi mmoja tu aliyeyeyusha bomba kuukuu za maji na kuchonga funguo kwa tupa, na mashine hataki hata kuisikia. Fundi huyo alinyonya ziwa moja na yeye.

Sefu. Mdogo wake. Sefu aliyetokea Alhamisi jioni na bidoni tatu zilizojaa esansi, watu wote wakapiga vigelegele. "Za Matata wa Giteranyi," alisema, "zimevuka mpaka kwa baiskeli." Na Ijumaa msafara wa harusi ukaondoka, magari matatu, honi mpaka Muyinga. Gari la mbele alikuwa akiendesha Hidaya.

Loo, alitamani awe amekosea! Alfajiri ya Jumanne alipanda basi mpaka Muyinga, na kutoka hapo pikipiki mpaka Giteranyi, moyo ukimwomba Matata aseme ndiyo. Matata alikuwa akiziba pancha mbele ya nyumba yake.

"Sefu wa Gitega? Namjua sana. Alinipigia simu, akaniomba karibu kulia. Lakini wiki ile askari walikaa kwa kila njia. Hata chupa moja haikupita, mama. Uliza kijiji chote."

Hidaya aliuliza kijiji chote. Jibu lilikuwa lile lile.

Jumatano asubuhi Sefu aliletwa. Hidaya alimwomba karani aandike kila neno, halafu akamweka mdogo wake kitini.

"Esansi ya harusi ilitoka wapi?"

"Dada, nilishakwambia. Giteranyi."

"Nimetoka Giteranyi jana."

Sefu aligeuka akautazama mlango.

"Ule ufunguo ulichonga lini?"

"Dada..."

"Hapa mimi ni Inspekta. Ulichonga lini?"

"Jumanne. Alipokwenda kuoga." Machozi yalimtoka. "Nilisema ni akiba tu, huenda nisiutumie. Alhamisi yeye akajaziwa, mimi nikaambiwa imekwisha. Alipolala nikanyonya. Nilimwachia ya kumfikisha Makebuko. Nilijua atapima asubuhi, atakuta pungufu, atarudi foleni. Sikujua ameacha kupima. Wallahi sikujua!"

"Mtu aliyekula sahani moja na wewe."

"Ningefanyaje? Wakwe wa Muyinga walikuwa wametuma salamu, eti wanangoja kuona kama bibi harusi atakuja kwa miguu. Na wewe ulinipigia simu Jumatano. Umesahau? Ulisema, 'Sefu, esansi ipatikane, usituaibishe, na sitaki kujua utaitoa wapi.'"

Kalamu ya karani ilisimama. Alimtazama Hidaya, akaangalia pembeni.

Hidaya alimchukia mdogo wake kwa kusema vile, akajichukia zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

"Umesikia alichosema?" alimwambia karani. "Kiandike."

"Chote, afande?"

"Chote. Na simu ilipigwa saa mbili usiku, weka na hiyo."

Bagalwa alifunguliwa saa sita. Hidaya mwenyewe alimwambia jina. Mzee hakushukuru. Alikaa kwenye benchi, akalia kwa sauti kama aliyefiwa, akisema, "Si mngeniacha tu ndani."

Hidaya alipanda ngazi, akaweka kitambulisho chake cha polisi juu ya meza ya kamanda, na kumwomba apange mpelelezi mwingine, amhoji yeye Hidaya kuhusu simu ile.