Aliyehesabiwa Mikokoni

Hafsa alimimina chai vikombe vinne.

"Hicho cha nne cha nani?" Lukasi aliuliza. "Au siku hizi unatembea na mchumba asiyeonekana?"

Hafsa alitazama sinia, akatazama baraza. Walikuwa watatu: yeye, jirani yake Raheli, na Lukasi, mume wa Raheli.

"Zamu za usiku hizi, shemeji," alisema. Alikuwa muuguzi. "Zitanimaliza."

Wakakiacha kikombe kilipo, wakafungua kitabu, wakasoma. Walipoinuka saa moja baadaye, kikombe cha nne kilikuwa kitupu. Kwenye kitako chake palituama tope jeusi. Raheli alikiosha bila kumwambia mtu.

Ilikuwa Jumamosi, Magomeni, Mtwara mjini. Kwa miaka mitatu watu hawa watatu walikutana kila Jumamosi baada ya alasiri, wakasoma kwa zamu, kwa sauti, vitabu vya sehemu wanayoishi: vita vya zamani vya kusini, misafara iliyotoka bara kuja Mikindani, majina ya miti, ndege wa pwani na nyakati zao. Raheli alifundisha jiografia sekondari. Lukasi alikuwa karani wa ofisi moja ya wakala wa mizigo. Wote wawili walitoka Iringa na kuikuta bahari wakiwa watu wazima. Hafsa alizaliwa Mikindani, na alikuja mwanzoni kuwacheka. "Watu wa bara mnasoma bahari kitabuni!" Kisha akanogewa.

Lukasi alikuwa na tabia moja ambayo mkewe hakuizoea. Kabla ya kufungua kila ukurasa alilamba kidole.

"Utakula vumbi la vitabu mpaka likuue," Raheli humwambia.

"Vumbi la historia, mwalimu. Lina vitamini."

Kitabu walichokuwa wakikisoma majuma hayo alikinunua Lukasi, kwa muuzaji anayetandika vitabu vikuukuu chini karibu na soko. Hakikuwa na jalada wala jina la mwandishi. Kilipigwa chapa kwa mashine ya zamani na mtu aliyekagua misitu kwenye mdomo wa Ruvuma. Alieleza aina za mikoko, mikandaa, michu na misinzi, mizizi yake na mbao zake, na kuta za mji mdogo uliokufa ndani ya mikoko, ambao kisima chake bado kina maji baridi. Katikati kulikuwa na sentensi ambayo Lukasi aliipigia mstari: *Wenyeji hawahesabiani wakiwa ndani ya mikoko. Niliwauliza sababu, hawakuitaja.*

Waliicheka. Juma moja kabla ya chai ile ya vikombe vinne, walikwenda kuziona hizo kuta.

Aliyewaongoza ni Athumani, mvuvi wa kaa wa matope, mtu wa maneno mengi. Walikwenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hutoka mbali sana na mtu anaweza kutembea mahali ambapo mashua hupita. Waliziona kuta. Zilifika magotini, zimeshikwa na mizizi. Walikunywa maji ya kisima, Lukasi akaandika vipimo kwenye daftari, Hafsa akawaonyesha ndege mdiria aliyetua juu ya jiwe la kaburi. Raheli alisema hajapata kufurahi hivyo tangu ahamie kusini.

Wakati wa kurudi walikuta mkondo mdogo umeanza kujaa. Raheli alikuwa amepeleka wanafunzi kwenye ziara kwa miaka kumi na minne, na hakupata hata siku moja kuvuka maji bila kuhesabu. Alinyoosha kidole kama anavyofanya siku zote.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano. Haya, twendeni."

Athumani alisimama na mguu mmoja majini. "Umesema ngapi, mwalimu?"

"Nimejihesabu mara mbili, jamani. Jua hili."

Athumani alivuka. Tangu hapo hadi kwenye mikorosho walikoacha pikipiki, hakusema kitu.

*

Jumatatu baada ya chai ile, Raheli alihesabu wanafunzi wa kidato cha pili. Darasa lina arobaini na wawili. Alipata arobaini na watatu. Akarudia, akapata wale wale. Alipoita majina, hakuna aliyezidi.

Jumanne alitenga chakula cha mchana, akashtuka amepanga sahani tatu. Lukasi alizitazama.

"Na wewe?" alisema. "Mimi jana nimelipia nauli ya bajaji ya watu wawili. Nilikuwa peke yangu."

Jumatano Raheli alirudi nyumbani saa sita kamili, saa ambayo Hafsa husema si nzuri mtu kusimama peke yake uani. Mtaa ulikuwa kimya. Alipofungua mlango alikutana na harufu ya mikoko, ile ya tope lililofukuliwa, kama yai lililooza. Akasikia ukurasa ukifunguliwa sebuleni. Alidhani ni mumewe kawahi, akaita, "Lukasi?" Sauti ikakoma, halafu ukurasa mwingine ukafunguliwa, taratibu, na mtu asiye na haraka, na Raheli akiwa bado ameshika kitasa alijikuta akisikiliza kati ya ukurasa na ukurasa, akingojea ule mlio mdogo wa ulimi unaogusa kidole ambao kwa miaka kumi na moja ulikuwa ukimkera na ambao sasa angetoa chochote ausikie, na haukuja, ukaja ukurasa tu, na baada yake ukurasa, mpaka alipopiga hatua mbili na kuona kiti cha mumewe kitupu, mto wake umelowa katikati kwa umbo la mtu aliyekaa, na kitabu kisicho na jalada kimefunguka pale penye mstari.

Aliweka mkono juu ya mto. Ulikuwa baridi kama maji ya kile kisima.

Alhamisi Lukasi alirudi nyumbani kutoka kazini saa nne asubuhi.

"Mlinzi kaniambia nijiandikishe kwenye daftari la wageni," alisema. "Miaka minane nampa shikamoo mzee yule. Nikaingia ndani, nikakuta mtu ameweka mizigo juu ya meza yangu. Nikauliza. Felista wa mapokezi ananiangalia, ananiuliza, 'Samahani kaka, unamtafuta nani?'"

"Wanakutania."

"Raheli, Felista nilimsimamia harusi."

Ijumaa jioni Hafsa aliingia bila hodi kama kawaida yake, akaketi, akavua viatu.

"Shemeji hajarudi?" aliuliza.

Lukasi alikuwa ameketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana.

Raheli alimshika rafiki yake kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza. Hafsa alikodoa macho kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akapiga ukelele na kuziba mdomo.

"Nilikuwa sikuoni," alisema. "Wallahi, shemeji, nilikuwa sikuoni."

"Napungua," Lukasi alisema. Hakuwa akitania. "Mwalimu, mimi napungua."

Mchungaji alikuwa ameshakuja Alhamisi jioni, akaomba na kuondoka. Hafsa alikuwa amefukiza ubani na kusoma Ayatul Kursi kila chumba. Harufu ya tope ilirudi kabla ubani haujapoa. Raheli akampigia Athumani.

"Nilikuwa nangoja simu yako," Athumani alisema. "Nani anapotea?"

"Mume wangu."

Athumani akaeleza, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka wa nyumbani kwake wasikie. Kule ndani wamo waliokuwamo tangu mji ule ulipokuwa mji. Hawatoki, kwa kuwa hakuna anayewataja. Anayetaja idadi amewafungulia mlango. "Umesema watano, wakatoka watano. Lakini huyo wa tano hana nafasi yake huku kwenu, mwalimu. Lazima achukue ya mwingine."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ulisema umejihesabu mara mbili. Nami nikataka iwe hivyo. Kesho ni bamvua tena. Tukiikosa hii, nyingine ni nusu mwezi, na mumeo hafiki."

*

Walifika kwenye mkondo ule saa tano asubuhi. Njia nzima Raheli alimshika Lukasi mkono, kwa sababu kila alipouachia alilazimika kujikumbusha kuwa amekuja naye.

Athumani aliwapanga wima mmoja nyuma ya mwingine. Raheli mbele. Lukasi nyuma yake, halafu Hafsa, halafu yeye mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyehesabu, wewe ndiye utakayehesabu," alimwambia Raheli. "Fumba macho. Macho hayasaidii hapa, yule anajua kujifanya unachotaka kuona. Tunakupita mmoja mmoja kwa mpango huu huu. Kila anayepita mguse bega, taja namba. Ukifika nne, nyamaza. Fumbua macho, fuata mgongo wangu, usigeuke mpaka mikorosho. Na asiseme mtu. Atakayesema si wetu. Ataita kwa sauti unayoijua. Usimjibu."

"Na nikikosea?"

"Usikosee."

Lukasi aliinama sikioni kwake. "Wanafunzi mia tatu umewavusha, mwalimu," alisema. "Mimi ni mmoja tu."

Raheli alifumba macho. Alijigusa kifua. "Moja."

Maji yalikuwa yakirudi, aliyasikia yakipenya kwenye mizizi, na kaa wakikimbilia mashimoni, na mahali fulani yangeyange akalia mara moja na kunyamaza. Bega likaja chini ya kiganja chake. Alilijua shati, lile la mistari alilolipiga pasi mwenyewe alfajiri, limelowa na kupoa, lakini jua lilikuwa kali na wote walikuwa wamelowa jasho. "Mbili." Likaja bega dogo lenye kitambaa cha mtandio. "Tatu." Likaja bega lenye kamba ya kikapu cha kaa. "Nne," alisema kwa sauti kubwa, akateremsha mkono, na wakati huo huo nyuma yake, karibu kabisa, mtu akasema kwa mshangao mdogo, bila woga bado, kama anayedhani amesahauliwa kwa bahati mbaya:

"Mwalimu, mimi bado."

Ilikuwa sauti ya Lukasi. Hafsa, mbele, alitoa kilio kifupi akakimeza. Raheli alifumbua macho, akaona migongo mitatu, wa shati la mistari ukitangulia, wa Hafsa, na wa Athumani, akaanza kutembea, na ile sauti ikafuata, ikamwita kwa jina lake, ikamwita kwa jina ambalo mama yake alimwita Iringa akiwa mtoto na ambalo alimwambia mtu mmoja tu duniani, ikasema matope yameshika miguu, ikasema maji yanakuja, ikasema Raheli, Raheli, geuka uniangalie tu, na yeye akauma ulimi mpaka akaonja damu na kuhesabu hatua badala ya kujibu, akijivunia, hata katika hofu ile, kwamba hakugeuka.

Kwenye mikorosho waligeuka. Walikuwa wanne. Lukasi alikuwa amekaa kwenye tairi la pikipiki, anatabasamu, na Hafsa alimwona vizuri, akamkumbatia akilia. "Shemeji wangu! Nikuone mara mbili mbili sasa."

Jumatatu mlinzi alimpa mkono. Felista alimkaripia kwa kukosekana kazini siku mbili. Raheli alihesabu darasa akapata arobaini na wawili, akaenda chooni kulia. Nyumba ilinuka sabuni na vitunguu. Aliporudi kwa chakula cha mchana alitenga sahani mbili.

*

Jumamosi Hafsa alimimina chai vikombe vitatu, akaviangalia kwa fahari.

"Leo asome shemeji," alisema. "Tumalize kile kitabu, tukitupe baharini."

Lukasi alikichukua. Akasoma juu ya mikandaa na rangi ya maganda yake. Alisoma vizuri, kuliko siku zote. Akafungua ukurasa, akasoma, akafungua mwingine. Raheli alikuwa ameinua kikombe. Alikishikilia hapo hapo, karibu na mdomo.

Kurasa za kitabu kile zilikuwa zimegandana kwa uzee. Hakuna aliyeweza kuzifungua bila kulamba kidole. Lukasi hakulamba. Kila alipogusa pembe ya karatasi ilikubali yenyewe, na alipotoa kidole palibaki alama ya unyevu, duara, nyeusi kidogo pembeni.

"*Wenyeji hawahesabiani wakiwa ndani ya mikoko*," alisoma. "*Niliwauliza sababu, hawakuitaja.*"

Sentensi iliishia hapo. Raheli aliijua, na chini yake palikuwa na nafasi tupu. Lakini Lukasi hakuinua macho. Kidole kiliteleza kwenye karatasi kama kinachofuata mstari, na sauti ikaendelea ile ile, tulivu, ya mtu anayesoma.

"*Sababu ni kwamba anayehesabu ndiye anayechagua.*"

Hafsa alicheka. "Hiyo umeitunga, shemeji!"

Raheli hakucheka. Alikuwa akikumbuka bega la pili, lilivyokuwa baridi kwenye jua la saa tano, na mtu aliyesimama nyuma yake akingoja zamu yake kuguswa. Alijaribu kuikumbuka ile sauti ilipokoma. Haikukoma. Walipofika mikoroshoni, maji yakiwa yamejaa, ilikuwa bado inaita.

Mumewe alinyoosha mkono akamwekea begani.

"Mbili," alisema, akafungua ukurasa.