Jani Alilonipa Dalali

Mimi madalali nawachukia, na sioni aibu kusema. Huyu wangu aliitwa Meshack. Alifuga ukucha mmoja mrefu wa kidole cha mwisho, anachokonolea meno, halafu mkono huohuo anakupa umsalimie. Kinyaa! Akishachukua hela yake ya kukutembeza, basi. Simu inaita weee, hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu. Ukibahatika kumpata, ni "nipo njiani dada", na hiyo njia haifiki.

Ningeachana naye, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilikuwa naishi na mama yangu kwenye chumba cha kupanga mjini, Elerai. Mama anaumwa, miguu imevimba, na alikuwa na ombi moja tu. Baba alipofariki, baba zangu wadogo walitunyang'anya shamba. Na kwetu Meru mtu anazikwa nyumbani kwake, kwenye migomba yake. Mama hakuwa na nyumbani.

"Tabea, nisije nikazikwa mjini, katikati ya watu nisiowajua," aliniambia kila akizidiwa.

Nikamwahidi nitampatia nyumba yenye migomba kabla Mungu hajamwita. Meshack alikuwa nayo. Juu ya Usa River, kwenye mteremko wa mlima, bati jipya, miti michache ya kahawa, migomba nyuma. Bei ya kutupa. Akanitumia picha, nikaipenda siku hiyohiyo. Baada ya hapo, kimya. Wiki nzima.

Jioni moja nilikuwa Usa River kununua mboga za kuuza kwenye genge langu. Nikasema, aka! Leo napanda mwenyewe nikaione. Bodaboda akanishusha getini, akageuza pikipiki haraka, hata chenji yangu hakurudisha. Jua lilishajificha nyuma ya mlima na baridi imeanza kushuka.

Geti lilikuwa wazi. Hakuna mtu. Nikapiga simu ya Meshack, kwa hasira tu, angalau nimtukane.

Ikaita...

Ndani ya nyumba.

"Kumbe umejificha humu, mshenzi wewe!" Nikausukuma mlango.

Harufu ikanipokea. Choo kilichofurika, pamoja na ndizi zilizooza, na chini yake kitu kitamu. Huo utamu ndio ulionipandisha matapishi hadi kooni. Na nzi. Nzi gani wanavuma gizani, kwenye baridi ile?

"Dada Tabea... usiwashe tochi."

Sauti ni yake. Ilitokea kwenye kona, chini, kama ya mtu aliyechuchumaa.

"Meshack? Wiki nzima nakupigia!"

"Nasikia ikiita. Hawaniruhusu kupokea."

"Akina nani?"

Nikamsikia anameza mate.

Halafu nikasikia mwingine anameza. Upande wa pili wa chumba.



"Dada, nimekosa," akanong'ona. "Nimekosa sana. Pokea, nakuomba... nitoke."

Kitu kikanigusa kiganjani. Jani refu, jembamba. Isale.

Asiye wa huku atashangaa. Kwetu, aliyekukosea akikuletea jani la isale, yamekwisha. Hata kama alimuua ndugu yako. Ukilikataa, umejitafutia laana. Nimelelewa hivyo, na nilijua Meshack amenikosea, wiki nzima ananizungusha. Basi mkono ukapokea kabla akili haijafika.

Lilikuwa limelowa mate. Mazito, ya uvuguvugu, kana kwamba limepitishwa kwenye midomo mingi. Yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Meshack akanipita mbio, analia na kucheka kwa pamoja. Hata asante hakusema. Alipovuka mlango nikamwona kwenye mwanga uliobaki. Kinyesi kilikuwa kimemganda hadi magotini.

Gizani, nyuma yangu, mtu akavuta pumzi ya kunusa.

Nilikimbia mpaka barabara ya lami. Mboga niliziacha kulekule. Nilifika Elerai ngumi imefumbwa, ncha ya jani imechomoza, na vidole vilikataa kufunguka. Nikanawa kwa sabuni, nikanawa kwa dawa ya choo. Harufu iko palepale.

Mama akainuka kitandani, akaniangalia ile ngumi.

"Nani amekupa isale?"

Nikamweleza yote. Nilipomtajia nyumba yenyewe, akashika kichwa.

"Yesu wangu! Pale pana makaburi ya wazee, Tabea. Yalizungushiwa masale, mimea ya jani hilo. Wamama wa kanisani walisema kuna dalali kayang'oa ili mnunuzi asijue pana makaburi. Akachimba shimo la choo palepale, juu yao."

Nikatapika kwenye beseni. Mama akasubiri nimalize.

"Sasa niambie. Yule kijana aliwakosea wale wafu. Wewe umelipokea isale kama nani?"



"Umesamehe kosa lisilo lako, mwanangu. Watakuja kukuuliza."

Hata beseni sijalimwaga, mlango ukagongwa. Taratibu. Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia.

Mama akaushika mkono wangu, akavikunjua vidole kimoja kimoja. Mimi nilishindwa, yeye vilimtii. Akalichukua jani kwa mikono miwili.

"Mama, hapana! Lirudishe!"

"Nyamaza. Hawa ni wa rika la wazazi wangu. Nitaongea nao."

Akasema maneno kwa Kimeru kuelekea mlangoni, kwa adabu, kama mtoto anayeamkia wakubwa. Huko nje mtu akameza mate. Nikanusa kiganja changu. Hakikunuka chochote, na nilijua harufu imehamia kwa nani.

Asubuhi, simu. Meshack! Anapiga yeye! Sauti ya mtu aliyelala vizuri na kunywa chai, kana kwamba jana hakukuwa na lolote. Nilitamani nimtemee mate kupitia ile simu.

"Dada Tabea, mteja wangu! Mwenye nyumba kakubali, na bei kashusha. Halafu mama yako mcheshi jamani! Alfajiri hii kaja mwenyewe, nimemtembeza. Ndani hata hakutaka kuingia. Kaenda moja kwa moja nyuma, kwenye migomba, akachagua mahali pake pa kulala."

Nikageuka taratibu. Mlango wetu ulikuwa bado na komeo, kwa ndani. Mama alikuwa kitandani, amelala chali, mikono kifuani, macho wazi.

"Ni dalali?" akaniuliza. "Mwambie nimepapenda."