Kadi ya Kabongo

Wewe, jina la marehemu likikataa kufutika, utafanya nini? Hilo lilimpata rafiki yangu Bilonda, Kolwezi, mwaka 1981, katika chumba cha kompyuta cha mgodi mmoja.

"Mama Bilonda, kuya uone," aliita mwenzake Mukalay, ambaye suti yake ya abakosti ilinyooka kuliko programu zake. "Programu iko inaongeza muntu."

Kila asubuhi programu ilisoma kadi za walioshuka mgodini, kila mtu na yake, ikachapa orodha ya kuwahesabia wakitoka. Siku hiyo mstari wa mwisho ulisema: Kabongo.

Kabongo alikuwa kaka yake Bilonda. Ndiye aliyeikataa posa ya Mukalay kwa Bilonda. Mwezi uliopita alifukiwa na mwamba, na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha.

Bilonda alipitia kadi zote kwa kidole. Ya Kabongo haikuwemo. Akaziondoa zote, akaendesha programu bila kadi hata moja. Kabongo.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Gizani mashini ya kuchapa iliendelea kugonga.

"Ni moteur tu, haijapoa," Mukalay akacheka peke yake.

Mlio ukahama, sasa ukatoka chini ya sakafu, chini ya viatu vya Mukalay. Bilonda akapapasa mlango, akaufunga kwa ufunguo.

"Tata Mukalay, kadi ya kaka yangu iko wapi?"

Kugonga kukakoma, kana kwamba kunasikiliza.

"Ni mi niliiondosha," Mukalay akasema. "Nilimuona akishuka."