Uliniambia Hakuteseka

"Mama, subiri kwanza," Cholpon alisema, akiziba sikio kwa kiganja. "Usinivishe hiyo hereni."

Mama Sonunbu, mama yake Taalai, alibaki na mkono hewani. Kwa mila yao, mama wa mwanaume akishavisha hereni, posa imekubaliwa. Binti kukataa wageni wameshakaa ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu.

"Au ni ndogo, mwanangu?" mama alijaribu utani. "Sisi wote tuna masikio makubwa. Muangalie huyo anayekuoa."

Taalai hakucheka. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilimfundisha uso wa mtu anayetaka kukiri. Hakutegemea kuuona kwa mchumba wake.

"Cholpon, kuna nini?"

"Begaiym."

Jina la marehemu mke wa Taalai. Ulikuwa mwaka na miezi minne tangu mwili wake uokotwe mferejini nje ya jiji la Bishkek, wa tatu kati ya wanawake watatu waliookotwa pale. Ripoti zote zilisema kitu kimoja: alizama. Taalai alibisha ofisini hadi Kanali Sadyrov, mkuu wake, akamnyang'anya kesi. Siku hiyo alikwenda chumba cha maiti kumuuliza daktari swali moja tu, na daktari, ambaye ni huyu huyu Cholpon, akamjibu, "Hakuteseka, kaka. Aliteleza, maji yakamchukua."

Kwa jibu hilo aliweza kupata usingizi. Akarudi kushukuru, akarudi tena kunywa chai, na mapenzi yakaota hapo hapo. Ripoti za wale wawili alizijua kwa kichwa. Ya mkewe hakuwahi kuifungua.

"Sikukwambia kweli," Cholpon alisema. "Shingoni alikuwa na alama za vidole. Wote watatu walikuwa nazo. Na mimi ndiye niliyesaini."

"Nani alikulazimisha?"

"Unamjua."

"Mtaje."

"Sadyrov. Anamkinga mwanawe. Aliniambia nisiposaini, Ulan atakutwa na heroini mfukoni."

Ulan, mdogo wake Cholpon, alikuwa ndio anaingia na sahani ya nyama. Akaiweka chini polepole.

"Dada. Kwa ajili yangu?"



"Mwaka mzima," Taalai alisema. "Unanipikia, unanifuta machozi, kumbe unajua."

"Nilianza kwa huruma. Nikakupenda kabla sijapata ujasiri. Kila siku nasema kesho, kesho."

"Si ungenyamaza tu uolewe?"

"Nilale kwenye kitanda cha Begaiym, Taalai? Nilipoona hereni nimeshindwa."

Taalai alivaa kofia, akaenda mlangoni. Hapo akasimama, maana lilibaki swali moja, lile lile.

"Aliteseka?"

Cholpon alilia kwanza ndipo akajibu.

"Ndiyo. Lakini alipigana. Chini ya kucha zake kulikuwa na ngozi ya mtu. Nimeificha kwenye jokofu la maabara, kwa jina jingine. Sikuweza kuitupa."

Jamani, mwanaume yule alikaa chini na viatu vyake akalia mbele ya mama yake. Alimlilia Begaiym upya, kama kafa leo.

Jumatatu Cholpon alitoa ushahidi kwa mwendesha mashtaka, na nakala akawapa waandishi wa habari ili isipotee. Jumatano ujumbe uliingia kwenye simu ya Taalai:

"Wamemkamata Ulan. Wamemkuta na heroini, kama walivyoahidi. Sijutii kusema. Najutia kuchelewa. Nisamehe."

Aliusoma mara kumi. Hakujibu.

Wiki iliyofuata mtoto wa Sadyrov alikamatwa uwanja wa ndege, na vipimo vikaonyesha ngozi ile ni yake. Ulan bado alikuwa rumande.

Alhamisi mama alibandika mafuta, akakaanga vimaandazi, kama desturi yao, ili harufu iwafikie marehemu. Alikuwa analitaja jina la Begaiym kwa sauti ndogo, huku anageuza.

"Mpigie simu yule binti," alisema bila kugeuka.

"Mama, alinidanganya."

"Najua. Na mimi nimemkasirikia. Mpigie."

Taalai alikaa na simu mkononi mpaka vimaandazi vikaiva. Kumpenda alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililokuwa linamuuma.

"Cholpon."

"Abee."

"Mama anamkaangia Begaiym. Njoo tumuombee."



"Taalai, zile hereni..."

"Sijasema hereni. Nimesema njoo."

"Nakuja."

"Na ulete karatasi zote za kesi ya Ulan."

"Ni nyingi. Na zimejaa uongo."

"Zilete," Taalai alisema, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Safari hii nitazisoma."