Nilitaka Ampite Afande Bila Kusimama

Nina miaka thelathini na nane, mjane, mama wa watoto watatu. Naishi Nkoaranga na nauza ndizi. Haya ninayoyaandika sijawahi kumwambia mtu, hata mchungaji wangu... Nisomeni, kisha mnihukumu.

Mume wangu, Elisante, alikuwa dereva wa lori dogo la kubeba ndizi. Huku kwetu, siku ya soko wanawake tulipanda juu ya mikungu, tukashuka mlima tukiimba na kupiga soga. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Kisha akaja yule trafiki!

Aliitwa Afande Mariamu, mwenyeji wa Tanga. Alikuwa na sauti laini, na ile sare nyeupe ilimkaa utadhani kaenda harusini. Kituo chake kilikuwa pale barabara yetu inapokutana na lami. Siku ya kwanza tu alitushusha wote mbele za watu. "Mama zangu, mzigo ni mzigo na mtu ni mtu. Shukeni, tafadhali."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nahangaika kushuka, kanga imenasa kwenye msumari, na mume wangu alikuwa anamtazama yeye.

Tangu hapo ikawa afande, afande. Afande kasema tufunge mkanda. Afande kasema pale kwenye kona twende taratibu. Jamani, maneno hayo hayo nilimwambia miaka kumi na mbili! Nikiyasema mimi ni kelele, akiyasema mwenye filimbi ni hekima?

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda kweli. Nilinusa mashati yake. Nilihesabu dakika anazochelewa. Sikukuta kitu, na kutokukuta kitu kulizidi kuniumiza.

Wiki moja Afande Mariamu alikagua lori, akakuta breki zimechoka. Aling'oa kibao cha namba cha mbele, akaamuru gari lipandishwe nyumbani na lisitembee mpaka litengenezwe. Elisante akatii. Fundi wa Ngarenaro alisema kifaa kitapatikana baada ya siku nne au tano.

Hapo ndipo simu zilipoanza... Kila asubuhi tukiwa tunakunywa chai, afande anapiga kuuliza breki zimefikia wapi. Tangu lini askari akampigia dereva kulijulia hali gari lake? Mume wangu alimjibu kwa heshima, tena anatabasamu!

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko. Mikungu yangu ilikuwa inaiva uani. Simu ikaita, nikalipuka. Nilimwambia Elisante kama yule si hawara yake, basi ateremshe ndizi mpaka sokoni, ampite bila kusimama, nami nione kwa macho yangu. Alinisihi. Alisema gari ni bovu, atatuua. Nikamjibu kwamba breki ni kisingizio, na mwanaume anayeamriwa na mwanamke wa nje hana mke ndani.

Alichukua funguo za lori. Kisha akasema, "Haya, Mama Neema. Tangulia ukaone."

Nikatangulia! Nilivaa na kitenge kipya, nikapanda bodaboda. Nilisimama karibu na meza za akina mama wanaouza nyanya, mahali ambapo ningeuona vizuri uso wa yule mwanamke.

Tukasikia honi kutoka mlimani, mfululizo. Lori likatokea. Afande akainua mkono. Lori halikupunguza mwendo hata kidogo... nami nikacheka. Nilicheka na kupiga makofi! Nilisema moyoni, kumbe ananipenda.

Afande alielewa kabla yangu. Alipuliza filimbi, akatukimbilia akipiga kelele tuondoke. Alimvuta bibi mmoja kwa mkono, mimi akanisukuma kifuani nikaanguka chali. Mume wangu alikata usukani kutukwepa, lori likavuka lami, likagonga ukingo wa pili na kupinduka.

Nilimkuta amebanwa. Aliniona, akaongea kwa shida. "Umeona? Sikusimama." Hakufika hospitali.

Afande Mariamu alikuja msibani na mume wake. Alikaa chini na wanawake, akamenya ndizi pamoja nasi. Alieleza kwamba alikuwa akiwapigia kila asubuhi madereva wote aliowazuia, kwa sababu zamani alimwonea mmoja huruma, akamwachia, na yule dereva akaua watu. Halafu akanishika mikono, akalia. "Nisamehe, dada yangu. Ningemnyang'anya funguo kabisa."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Nimekusamehe." Mimi! Nilimsamehe mbele ya watu wote, wakanisifu kwa moyo wangu wa Kikristo.

Wasomaji wenzangu, hasa wanawake, nawaombeni. Trafiki akimzuia mtu wako, mshukuru hata kama roho inakuuma. Gari likikatazwa kutembea, lisitembee. Ndizi zioze, soko likupite, majirani wakucheke. Na kama una wivu, gombana na mumeo nyumbani, lia, rudi kwenu ukitaka, lakini usimtume barabarani akuoneshe kwamba anakupenda. Wangu alinionesha, na leo watoto wakiniuliza kwa nini baba aliendesha gari lisilo na breki, nawaambia sijui.