Nani Amewaambia Habari za Sweta?

"Uongo mtupu!" Msusi alicheka hadi akajishika mbavu. "Mwanaume gani anajifungia chumbani kulilia sweta la kichanga?"

"Wapo," Mwalimu alijibu kwa sauti ndogo.

"Wako wapi, shoga? Nionyeshe mmoja nikamsuke bure!"

Kila Jumamosi saa kumi jioni, marafiki hawa watatu walikutana kwenye chumba cha kushonea cha Mshonaji, wakasoma hadithi fupi kwenye simu zao na kuzichambua bila huruma. Ya leo aliileta Mwalimu. Haikuwa na jina la mwandishi.

Mshonaji hakucheka. Mguu wake ulikuwa umeganda juu ya pedeli ya cherehani. Hadithi ilisema: sweta la kijani, vifungo vitatu, cha nne hakikuwahi kushonwa. Sweta hilo lilikuwa ndani ya sanduku lake, chini ya mashuka. Alilifuma kwa ajili ya mtoto aliyeishi siku mbili tu. Zaidi yake, mtu pekee aliyelijua ni mumewe.

"Nani kakupa hadithi hii?" akauliza.

"Mtu tu. Hataki kujulikana."

"Mwanaume?"

"Jamani! Tunachambua hadithi au mnanichambua mimi?"

Mwalimu akainuka kwenda kunywa maji. Simu yake ikawaka mezani. Namba ile Mshonaji aliijua kwa moyo: ya mumewe. Akausoma ujumbe:

"Wamesemaje? Yeye je, ameisoma? Usimwambie kitu kwanza."

Moyo ukampasuka. Mwalimu, aliyemshika mkono siku ya msiba! Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kichwa kinaniuma," akasema. "Tuonane siku nyingine."

Mumewe, fundi umeme, alikuwa hata hajatua mkoba wa vifaa jioni ile alipokutana na swali.

"Wewe na Mwalimu mmeanza lini?"

"Tumeanza nini, mke wangu?"

"Usinifanye mtoto! Unampelekea siri za chumbani kwangu, yeye anazigeuza hadithi. Na mkimaliza kuandika mnafanya nini?"

Mshonaji akampigia Mwalimu simu, akaweka spika.

"Shoga, mume wangu yuko hapa mbele yangu. Sema."

Mwalimu akashusha pumzi.

"Shemeji, mwambie mwenyewe. Nimechoka kubeba mzigo usio wangu."

Simu ikakatwa. Fundi akakaa chini sakafuni.

"Hadithi ni yangu. Mwalimu amenisahihishia tu maandishi."

"Wewe? Wewe unaandika?"

"Tangu mwaka jana. Kwenye gari, kabla sijaingia kazini."

"Kwa hiyo mtoto wangu umempeleka akachekwe!"

"Mtoto wetu!" Hakuwahi kumpazia sauti hivyo. "Miaka mitatu, mama. Nikimtaja, unawasha cherehani. Ningemwambia nani? Nyaya?"

Mshonaji akageuza uso ukutani.

"Mwalimu amejua kabla yangu."

"Hapo nimekosa. Naomba unisamehe. Niliogopa ungeifuta kabla hujaimaliza."

"Ningeifuta kweli."

Jirani alikuwa akianua nguo, wakamsikia hadi akafunga mlango. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini wivu ulikuwa umemtoka Mshonaji, na nafasi yake ilikuwa inauma zaidi.

"Kuna mahali umekosea," akasema hatimaye.

"Wapi?"

"Mwishoni. Umeandika mtoto aliondoka bila kufumbua macho."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Wewe ulikuwa umetumwa dawa. Nilikuwa nimempakata." Akamgeukia. "Aliyafumbua. Yote mawili. Akanitazama."

Fundi akainua kichwa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilijua ungeumia kwamba hukuwepo."

"Macho yalikuwaje?"

Mshonaji akashuka sakafuni, akakaa ubavuni pake, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike akamshika mkono.

"Makubwa," akasema. "Makubwa kama yako."