Modemu Iliyofunikwa Gubigubi

Huko Korogwe, mahali penye joto hata asubuhi, aliishi msichana aitwaye Mwantumu. Aliishi na Babu yake, Mzee Shekiondo, na kuku wanne.

Mama yake Mwantumu alikuwa mbali, akisomea uuguzi. Kila jioni alipiga simu ya video. Alimwimbia Mwantumu wimbo wa kulala.

Wimbo ulikuwa wa Bibi. Bibi aliwaimbia watoto wake wote. Lakini Bibi alifariki kabla ya mvua za masika. Sasa aliyeujua wimbo wote ni Mama peke yake.

Mama alianza:

*Lala jiko, moto umezimika.*
*Lala ndoo, maji yametulia.*
*Lala kuku, vifaranga wametimia.*

Na hapo, kila jioni, yalitokea yale yale.

Juu ya kabati kulikuwa na kisanduku cheusi. Kinaitwa modemu. Modemu ndiyo iliyoleta intaneti nyumbani.

Taa ya kijani: pepesa, pepesa, pepesa.
Taa nyekundu: tuli.
Mama akaganda.

Aliganda mdomo wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

"Babu," Mwantumu aliuliza, "baada ya kuku kuna nini?"

"Sijui, bibie," alisema Babu. "Nilipokuwa nikifika nyumbani, watoto walikuwa wamelala. Wimbo ulikuwa umekwisha."

"Hukumuuliza Bibi?"

"Nilidhani nitamuuliza siku nyingine."

Babu alimpigia fundi.

"Mzee, umezima ukawasha?" fundi aliuliza.

"Nimezima nikawasha, kijana. Nimewasha nikazima. Hata mimi mwenyewe nimelala nikaamka. Bado."

Jioni ile Mama alipiga tena. Lala jiko. Lala ndoo. Lala kuku.

Taa ya kijani: pepesa, pepesa, pepesa.
Taa nyekundu: tuli.
Mama akaganda.

Ikafika Jumamosi, siku ya kufua vitambaa vya Bibi.

Bibi alipenda kufuma. Alifuma kitambaa cha kufunika redio. Alifuma cha kufunika televisheni. Alifuma cha kufunika mtungi. Modemu ilipoletwa, aliifumia nayo kitambaa. Kilikuwa kizito, ili vumbi lisiingie.

Babu hakubadili kitu. Kila Jumamosi aliviondoa vitambaa vyote, akavifua. Fiku, fiku, fiku. Akavianika kwenye kamba. Jioni alivipiga pasi, akarudisha kila kimoja mahali pake.

Jumamosi hiyo Mama alipiga simu mchana. Usiku alikuwa na zamu hospitalini.

Aliongea na Babu kuhusu paa linalovuja. Akaongea kuhusu goti la Babu. Akarudi tena kwenye paa.

Mwantumu aliitazama modemu. Pepesa, pepesa, pepesa. Mama hakuganda hata kidogo.

"Niimbie sasa, Mama."

"Wimbo wa kulala hauimbwi mchana," alisema Mama. "Kuku watalala wasitage."

Mwantumu aliigusa modemu. Ilikuwa na uvuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Nje, vitambaa vilipepea kwenye kamba.

Jumapili jioni, vitambaa vilikuwa vimerudi. Mama aliimba. Lala jiko. Lala ndoo. Lala kuku.

Taa ya kijani: pepesa, pepesa, pepesa.
Taa nyekundu: tuli.
Mama akaganda.

Mwantumu hakulalamika. Alipanda kwenye kigoda. Akapenyeza mkono chini ya kitambaa. Akautoa haraka.

"Babu, modemu ni ya moto. Kama chapati iliyotoka jikoni."

"Leo kuna joto," alisema Babu.

"Hata jana kulikuwa na joto. Na jana Mama hakuganda." Mwantumu alifikiri kidogo. "Jana ilikuwa wazi, Babu. Leo imefunikwa gubigubi."

Babu aliisogelea modemu.

"Mimi nikijifunika gubigubi, natoka jasho. Kisha naitupa shuka," alisema Mwantumu. "Modemu haina mikono ya kutupa shuka."

Babu alikitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe, chenye maua manne, moja kila pembe.

"Hiki ndicho alichofuma mwisho," alisema.

Mwantumu alishuka kwenye kigoda. Akasimama karibu naye.

"Tukikiondoa, Bibi atakasirika?"

Babu alikipapasa kitambaa. Kuku walikuwa wakijipanga bandani. Kwo, kwo, kwo.

"Bibi yako alifunika kila kitu alichokipenda," alisema mwishowe. "Siku moja nilisinzia kwenye kochi. Nikaamka nina kitambaa cha redio kichwani."

Mwantumu akacheka. "Ukafanya nini?"

"Niliona joto. Nikakivua."

"Akakasirika?"

"Hapana," alisema Babu. "Hakukasirika."

Babu alikiinua kitambaa kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayeokota yai. Akakikunja mara moja. Akakikunja mara ya pili. Akakiweka kwenye droo yake.

Kisha wakaanza kazi.

Babu aliizima modemu. Mwantumu alifuta vumbi kwenye vitundu vyake kwa brashi kavu. Fyu, fyu, fyu.

Wakaihamisha, wakaiweka karibu na dirisha. Mwantumu akaleta vizibo vinne vya soda. Wakaviweka chini yake, viwe miguu, hewa ipite mpaka chini.

"Sasa tuiache ipoe," alisema Babu.

Mwantumu alinawa miguu. Akapiga mswaki. Akarudi kuigusa. Ilikuwa imepoa.

Babu akaiwasha. Wakasubiri.

Pepesa.

Pepesa, pepesa.

Pepesa, pepesa, pepesa.

Mama alipiga. "Nilidhani mmeshalala," alisema.

"Tulikuwa tunaivua modemu nguo," alisema Mwantumu.

"Mnaivua nini?"

"Imba kwanza," alisema Babu. "Tutakueleza baadaye."

Mwantumu alipanda kitandani. Babu aliketi pembeni, ameishika simu. Mama akaimba:

*Lala jiko, moto umezimika.*
*Lala ndoo, maji yametulia.*
*Lala kuku, vifaranga wametimia.*

Mwantumu alibana pumzi. Babu naye alibana pumzi.

Pepesa, pepesa, pepesa.

*Lala mtoto, usiku ni wako.*
*Na wewe baba uliye njiani,*
*njoo polepole, komeo sijatia.*

Mama akanyamaza. Hakuwa ameganda. Wimbo ulikuwa umekwisha.

"Baba uliye njiani ni nani?" aliuliza Mwantumu.

"Ni Babu yako," alisema Mama. "Alikuwa akiendesha garimoshi. Alirudi usiku, sisi tumelala. Bibi alimwongezea mistari yake."

Babu aliitazama simu.

"Kumbe hakuwa anasahau," alisema.

"Kusahau nini, Baba?"

"Kila nikirudi, nilikuta mlango haujatiwa komeo. Nilimgombeza miaka yote hiyo. Nilimwambia, wewe mwanamke, utafanya tuibiwe. Naye alikuwa akicheka tu."

"Hakukwambia?" aliuliza Mwantumu.

"Hakuniambia."

Mama alijipangusa jicho kwa kidole. Babu alimfunika Mwantumu shuka, mpaka mabegani tu.

"Imba tena, mwanangu," alisema.

Mama akaanza tena, kuanzia jiko. Taa ya kijani ilipepesa, ikapepesa, ikapepesa.

Mwantumu alisinzia walipofika kwenye kuku.

Babu alisikiliza mpaka mwisho.